Son Volt au Wilco: Uanzie Wapi Katika Kantri Mbadala

Msikilizaji aliyelelewa na kantri ya redioni, ile ya Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, akitaka kuingia katika tawi la muziki huo linaloitwa kantri mbadala, mara nyingi hutajiwa majina mawili kwa pamoja: Son Volt na Wilco. Kuyataja pamoja ni haki, kwa kuwa bendi hizo zilitokana na kuvunjika kwa bendi moja mwaka 1994, na kila moja ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1995 chini ya mtayarishaji yuleyule. Hata hivyo, anayechukua moja akitarajia kukutana na nyingine atajikuta mahali pageni, na wapo waliouacha muziki huu mapema kwa sababu tu walianzia upande usiowafaa. Nimeziweka bendi hizo bega kwa bega ili anayetaka kununua albamu, au kulipia tiketi ya onyesho, achague akijua anachokichagua. Msimamo wangu nitautoa mapema: kwa masikio yaliyolelewa na redio zetu, albamu ya kwanza iwe Trace ya Son Volt, lakini tiketi ya kwanza, kwa mwenye nafasi ya kuinunua, iwe ya Wilco.

Mzazi wao mmoja

Bendi iliyovunjika iliitwa Uncle Tupelo. Iliundwa mwaka 1987 mjini Belleville, jimbo la Illinois, ng'ambo ya mto Mississippi kwa anayetazama kutoka St. Louis, na vijana watatu wa mji huo: Jay Farrar, Jeff Tweedy na mpiga ngoma Mike Heidorn. Walikuwa wapenzi wa panki, wenye kupenda kasi na mkwaruzo wa magitaa ya umeme, lakini walizipenda pia nyimbo za zamani za kantri na za injili, wala hawakuona kwa nini wachague upande mmoja. Albamu yao ya kwanza, No Depression, ilitoka mwaka 1990, ikiwa imechukua jina kutoka katika wimbo uliorekodiwa na Carter Family mwaka 1936, wakati Marekani ilipokuwa bado katika mdororo mkuu wa uchumi. Jina hilohilo lilichukuliwa na jarida lililoanzishwa mwaka 1995 na Grant Alden na Peter Blackstock, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililowaeleza wapenzi wa muziki huu ni albamu gani imetoka, nani anastahili kusikilizwa, na bendi ipi iko njiani kuelekea mji upi.

Albamu ya tatu ya Uncle Tupelo ilirekodiwa kwa siku 5 za mwezi Machi 1992 mjini Athens, jimbo la Georgia, chini ya Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi ya rock ya R.E.M., karibu yote kwa ala zisizo za umeme, na tarehe hizo za kurekodi ndizo zilizokuwa jina la albamu. Ya nne na ya mwisho, Anodyne, ilirekodiwa Austin, Texas, mwaka 1993, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni bila kubandika sauti nyingine baadaye. Ninaitaja Anodyne kwa sababu ndiyo albamu inayomwonyesha msikilizaji njia panda yenyewe. Farrar anaimba kwa sauti nzito inayoburuta maneno, kana kwamba kila neno lina uzito wa kubebwa, na nyimbo zake hutazama mbali: barabara, mito, miji iliyochoka. Tweedy anaimba kwa sauti nyembamba iliyopasuka kidogo, karibu na mazungumzo ya kawaida, na nyimbo zake hutazama karibu: mtu na mwenzake, mtu na bendi yake, mtu na santuri alizozipenda. Mwenye saa moja tu ya kupima masikio yake na aisikilize Anodyne kwa makini na aangalie ni sauti ipi kati ya hizo mbili anayoitamani irudi inaponyamaza. Hicho ni kipimo bora kuliko maelezo yoyote nitakayoyatoa hapa chini.

Mapema mwaka 1994 Farrar aliwajulisha wenzake kwamba anaondoka, na onyesho la mwisho lilifanyika tarehe 1 Mei 1994 katika ukumbi wa Mississippi Nights mjini St. Louis. Tweedy alibaki na waliokuwa wanabendi wakati huo, akiwamo mpiga besi John Stirratt na mpiga ngoma Ken Coomer, wakajiita Wilco. Farrar alimrudia Heidorn, aliyekuwa ameiacha Uncle Tupelo miaka michache kabla, akawaongeza ndugu wawili wa Minneapolis, Jim na Dave Boquist, wakajiita Son Volt.

Albamu mbili za mwaka 1995

Wilco ilitangulia. A.M. ilitoka Machi 1995, ikiwa na nyimbo 13 zilizorekodiwa Memphis, na Brian Henneman wa bendi ya Bottle Rockets alialikwa kupiga gitaa la kuongoza. Trace ya Son Volt ilifuata Septemba mwaka huohuo, ikiwa na nyimbo 11 zilizorekodiwa katika mji mdogo wa Northfield, Minnesota. Zote mbili zilitayarishwa na Brian Paulson, ambaye ndiye aliyeitayarisha Anodyne, kwa hiyo tofauti unazozisikia hazitokani na mkono wa fundi wa studio; zinatokana na watunzi wenyewe, na ndiyo maana kuzilinganisha albamu hizi mbili kuna faida kubwa kuliko kulinganisha nyingine zozote za bendi hizo.

Trace inaanza na Windfall, wimbo wa dereva anayesafiri usiku, upepo ukipita dirishani, huku akinasa kituo cha redio ya masafa ya kati kutoka Louisiana kinachopiga kantri ya zamani. Wimbo hauna haraka. Gitaa la kawaida linashika njia, fidla inaingia kwa unyenyekevu, na gitaa la chuma, lile linalopigwa likiwa limelazwa na kuvuta sauti mithili ya kilio, ambalo hapa linapigwa na Eric Heywood, linajaza nafasi zilizoachwa na sauti ya Farrar. Mtu aliyewahi kupanda basi la usiku akasikia redio ya dereva ikikatika na kurudi hahitaji kufafanuliwa wimbo huu. Karibu na mwanzo wa albamu kuna pia Tear Stained Eye, uliotungwa baada ya mafuriko makubwa ya Mississippi ya mwaka 1993, ambao unautaja mji wa Ste. Genevieve, Missouri, mji mkongwe ulio kando ya mto ambao wakazi wake walipigania kingo zake zisivunjwe na maji. Farrar hasimulii mafuriko kama mwandishi wa habari. Anaweka picha moja, anaiacha, anaweka nyingine, na huzuni inabaki kwenye sauti kuliko kwenye maelezo.

Halafu magitaa ya umeme yanalipuka. Drown na Route ni nyimbo za kelele halali, zenye ngoma nzito na mkwaruzo usioombewa radhi, na albamu nzima imepangwa kwa kupishanisha utulivu na kishindo namna hiyo. Msikilizaji wa Don Williams anaweza kushtuka hapa, na ni vizuri ajue mapema kwamba mshtuko huo ni sehemu ya muziki wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba asiziruke nyimbo hizo. Zile tulivu hupata nguvu zake kwa kuwekwa kando ya hizo, na anayezichambua na kubakiza zile laini tu atakuwa na nusu ya albamu.

Sababu ninayoiona kuwa kubwa zaidi ya kumpendekezea msikilizaji wetu Trace ni sauti. Kantri ilipokelewa Afrika Mashariki kwa sauti na nyuzi kabla ya kupokelewa kwa maneno. Mwaka 1950, Hugh Tracey alipokuwa akirekodi nyimbo Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis nchini Kenya, aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha, ambaye ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Hawakuwahi kumwona, na katika wimbo wao amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Kilichowateka ni sauti na gitaa. Farrar ni mwimbaji wa kupokelewa kwa njia hiyo. Maneno yake, hata kwa mwenye Kiingereza kizuri, mara nyingi ni vipande vya picha visivyofungwa pamoja, na anayeng'ang'ania kuelewa kila mstari atachoka kabla ya wimbo wa nne, lakini anayeiruhusu sauti imwongoze ataelewa wimbo unahusu nini bila kuweza kuueleza mstari kwa mstari.

A.M. ni albamu nyepesi zaidi, na silisemi hilo kwa dharau. Casino Queen inachezesha na kuchangamsha, Box Full of Letters ni wimbo wa rock wenye kiitikio kinachokaa kichwani siku nzima, na Passenger Side inamhusu mtu asiye na leseni tena, anayelazimika kuendeshwa na rafiki, na ambaye aibu yake imefichwa kwenye uchangamfu. Maneno ya Tweedy yanaeleweka mara ya kwanza. Kwa hiyo anayetaka kuimba pamoja na bendi kabla wiki haijaisha atafurahia A.M. kuliko Trace. Lakini A.M. sicho kinachowafanya watu waipende Wilco, na anayeipima bendi hiyo kwa albamu hii peke yake ataishusha thamani bila sababu. Mwaka 1995 Farrar alikuwa tayari amefika alikokuwa akienda, na Tweedy alikuwa ndiyo kwanza anafunga mizigo.

Mmoja amebaki, mwingine amehama

Tofauti kubwa kati ya bendi hizi inaonekana katika albamu zilizofuata, na hapa mchaguzi anapaswa kujiuliza swali moja: je, ninataka bendi itakayonipa kile nilichokipenda mara ya kwanza, au bendi itakayonilazimisha kujifunza upya kila baada ya miaka michache?

Wilco ni ya pili. Being There, iliyotoka Oktoba 1996, ni albamu ya santuri mbili yenye nyimbo 19, na Tweedy alikubali kupunguziwa mrabaha ili wasikilizaji waipate kwa bei ya kukaribia ile ya albamu moja. Humo kantri bado ipo, tena nzuri sana, kama vile Far, Far Away, lakini ukianza kusikiliza unakutana na Misunderstood, wimbo unaoanza kwa kelele, ukatulia kwenye kinanda, kisha ukamalizika kwa bendi nzima kupiga pigo moja tena na tena huku Tweedy akipaza sauti. Kwa maoni yangu Being There ndiyo daraja la kweli la Wilco, na mpenzi wa kantri anayetaka kuanza upande huu aanze hapo, asianze na A.M. wala asirukie Yankee Hotel Foxtrot.

Yankee Hotel Foxtrot ina historia inayojulikana kuliko muziki wake. Mwaka 2001 kampuni ya muziki ya Reprise iliikataa, bendi ikaondoka na kanda zake, ikaziweka nyimbo zote kwenye tovuti yake Septemba mwaka huo ili yeyote azisikilize bure, na hatimaye Nonesuch ikaitoa Aprili 2002. Reprise na Nonesuch zote zilikuwa chini ya kampuni mama moja, kwa hiyo albamu iliyotupwa mlango mmoja ilinunuliwa mlango wa pili wa nyumba ileile. Ilipotoka iliingia katika nafasi ya 13 ya chati ya albamu ya Billboard. Ni albamu kubwa, nami naipenda, lakini si ya kumpa mtu anayeomba kantri. Mashairi yake ni ya mafumbo, nyimbo zimezungushiwa milio ya redio na kelele zilizopangwa kwa ustadi, na gitaa la kawaida lipo chini kabisa, likihitaji kutafutwa. A Ghost Is Born ya mwaka 2004, iliyoshinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, inaenda mbali zaidi. Ajabu nzuri ni kwamba mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kuikwepa nembo ya kantri, Wilco walitoa Cruel Country, albamu ya nyimbo 21 ambayo wanamuziki wote sita waliirekodi kwa kiasi kikubwa wakipiga pamoja katika studio yao ya Chicago. Hiyo ni albamu ya watu wazima, ya upole, yenye gitaa la chuma na nafasi ya kupumua, na mtu aliyeipenda Trace anaweza kuruka kutoka hapo hadi Cruel Country asijihisi mgeni.

Son Volt ni hadithi fupi zaidi. Straightaways ya mwaka 1997 na Wide Swing Tremolo ya mwaka 1998 zilifuata nyayo za Trace bila kuifikia, kisha bendi ikapumzika, na Farrar aliporudi na Okemah and the Melody of Riot mwaka 2005 alikuwa na wanamuziki wapya wote. Tangu hapo jina ni lilelile na sauti ya mbele ni ileile, lakini wanaomzunguka hubadilika. Katika orodha hiyo ndefu nitazitaja mbili tu. Honky Tonk ya mwaka 2013 imefuata kantri ya Bakersfield, California, na ni albamu ya kantri tupu kuliko zote za Son Volt, yenye fidla na gitaa la chuma mwanzo hadi mwisho. Mzee anayependa nyimbo za zamani za baa na machozi hataona jambo geni humo. Union ya mwaka 2019 inazungumza na siasa za Marekani za wakati huo, na baadhi ya nyimbo zake zilirekodiwa katika jumba la kumbukumbu la Mother Jones, mtetezi wa wafanyakazi, lililoko Mount Olive, Illinois, na katika kituo cha kumbukumbu ya mwimbaji Woody Guthrie mjini Tulsa. Anayependa muziki unaosimama na wafanyakazi na wanyonge ataipenda hata kama hakuipenda Trace.

Woody Guthrie anastahili tusimame kwake kidogo, kwa sababu ndiye anayetupa ulinganisho wa haki kuliko wote. Guthrie, aliyezaliwa Okemah, Oklahoma, mwaka 1912, aliacha mashairi mengi yasiyo na muziki, na watunzi wetu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walipewa baadhi yake wayatie sauti. Wilco walishirikiana na mwimbaji Mwingereza Billy Bragg kutoa Mermaid Avenue mwaka 1998. Farrar alishirikiana na waimbaji wengine watatu kutoa New Multitudes mwaka 2012, mwaka wa karne moja tangu Guthrie azaliwe. Mshairi ni yuleyule na karatasi ni zilezile za zamani, lakini Wilco wanamfanya Guthrie awe kijana anayeota akitazama nyota za California, wimbo unaoweza kuimbwa na chumba kizima cha wageni, ilhali Farrar na wenzake wanamwacha awe msafiri aliyechoka, mwenye kutafuta mahali pa kulala. Kwa familia au kundi la marafiki nyumbani, Mermaid Avenue ina nafasi kubwa ya kupendwa na kila mtu chumbani kuliko albamu nyingine yoyote niliyoitaja katika makala hii.

Unasikiliza kwa kutumia nini

Jambo hili halitajwi katika tahakiki nyingi, na kwa wasikilizaji wengi wa kwetu ndilo linaloamua. Anayesikiliza kupitia spika ya simu, jikoni au kibandani, atapata karibu kila kilichomo ndani ya Trace, kwa sababu ni albamu ya sauti moja mbele na ala chache zinazosikika wazi. Yankee Hotel Foxtrot kwenye spika hiyohiyo hupoteza nusu ya umbo lake: zile kelele zilizopangwa huwa mchafuko tu, na besi inayobeba nyimbo kadhaa haisikiki kabisa. Asiye na vifaa vizuri vya masikioni, au spika mbili zilizotenganishwa, aiahirishe. Being There iko katikati. Nyimbo zake nyingi hustahimili simu, isipokuwa zile chache zenye kelele nyingi. Kwa anayepakua muziki kwa vifurushi vya data, ni busara kuipakua albamu nzima mara moja na kuisikiliza kwa mpangilio wake, kwa kuwa Trace hasa imejengwa kwa kupishana kwa nyimbo zake, na programu ya simu inapozichanganya na nyimbo za watu wengine upishanaji huo hupotea.

Maonyesho na kumbi

Kwa Waswahili walioko Marekani na Kanada, uchaguzi una upande mwingine, kwani bendi zote mbili bado zinajulikana kwa kusafiri na kupiga. Hapa mizani inaelekea upande wa Wilco, na inaelekea sana.

Tangu mwaka 2004 Wilco imekuwa na wanamuziki walewale sita, akiwamo mpiga gitaa Nels Cline aliyetoka katika jazi na mpiga ngoma Glenn Kotche, na kukaa pamoja kwa muda mrefu kumewapa uelewano ambao bendi chache wanao. Wanazifahamu nyimbo zao zote kiasi kwamba Februari 2008 walikaa usiku 5 katika ukumbi wa Riviera, Chicago, wakapitia nyimbo za albamu zao zote za studio. Tweedy huzungumza na watu, hubadilisha orodha ya nyimbo, na mgeni asiyejua hata wimbo mmoja anaweza kufuata kwa sababu muziki una mawimbi makubwa yanayoonekana kwa macho. Kuanzia mwaka 2010 wamekuwa pia wakiandaa tamasha la Solid Sound katika jumba la sanaa la MASS MoCA, North Adams, Massachusetts, lililomo ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani, ambapo hualika bendi nyingine wanazozipenda. Halifanyiki kila mwaka, kwa hiyo ni lazima kuulizia mapema. Mwenye familia patamfaa hapo kuliko baa, kwa kuwa kuna maonyesho ya sanaa, nafasi ya watoto na mchana mrefu.

Son Volt hupiga zaidi katika kumbi ndogo, na Farrar ni mtu wa maneno machache sana jukwaani. Huimba, hunyamaza, huimba tena. Anayetafuta burudani ya macho ataondoka na njaa, lakini anayezijua nyimbo atapata jambo ambalo ukumbi mkubwa hauwezi kulitoa, nalo ni kuisikia sauti ile kwa ukaribu, gitaa likimjia kutoka kwenye kipaza sauti chake lenyewe badala ya kupitia mlima wa spika. Kwa hiyo nasisitiza: usinunue tiketi ya Son Volt kabla ya kuisikiliza Trace mara kadhaa, tiketi ya Wilco unaweza kuinunua leo.

Kuhusu miji, St. Louis na Chicago ziko umbali wa takribani kilomita 480, na treni ya Amtrak huziunganisha kwa mwendo wa karibu saa 5, jambo linalowezesha kuiona miji yote miwili katika safari moja. Usiende ukitafuta kumbi za historia, kwa sababu nyingi hazipo. Mississippi Nights ilifungwa mwaka 2007 na kubomolewa. Lounge Ax ya Chicago, ambayo Sue Miller, mke wa Tweedy, alikuwa mmoja wa wamiliki wake, ilifungwa Januari 2000. Inauma, kwani kumbi hizo ndogo ndizo zilizoulea muziki huu wakati redio kubwa haikuutaka, na ndiyo sababu ninawahimiza wenzetu walioko huko walipie tiketi za kumbi zile zilizobaki: Off Broadway mjini St. Louis, Hideout mjini Chicago, na FitzGerald's huko Berwyn, nje kidogo ya Chicago, yenye tamasha lake la kila kiangazi karibu na tarehe 4 Julai. Katika kumbi hizo hutaikuta Wilco mara nyingi, lakini utawakuta wanamuziki waliotoka katika mizizi ileile, kwa bei ndogo, ukiwa umesimama hatua chache kutoka jukwaani.

Aliyeko Nairobi, Eldoret, Arusha au Dar es Salaam hana haja ya kujiona amenyimwa. Wilco walirekodi albamu ya jukwaani, Kicking Television, mjini Chicago mwaka 2005, nayo inaonyesha vizuri kwa nini ninaisifu bendi hiyo mbele ya watu. Toleo la Trace lililopanuliwa, lililotoka mwaka 2015 kuadhimisha miaka 20 ya albamu, lina onyesho la Son Volt la mwaka 1996 katika ukumbi wa Bottom Line, New York, wakati wanamuziki wa kwanza walipokuwa bado pamoja. Ukizisikiliza hizo mbili jioni moja utakuwa umeyaona matamasha mawili kwa gharama ya data tu, na utajua ni upande upi unaokuita.

Yupo msikilizaji ambaye hatatulia kwa Farrar wala kwa Tweedy, naye ni yule anayependa kantri kwa sababu ya hadithi: mtu mwenye jina, mji wenye jina, jambo lililotokea na mwisho wake. Watunzi hawa wawili hawasimulii hivyo mara nyingi, na hakuna sababu ya kumlazimisha. Huyo na apewe Car Wheels on a Gravel Road ya Lucinda Williams, iliyotoka mwaka 1998 na kushinda Grammy ya albamu bora ya muziki wa asili wa kisasa. Humo miji ya Kusini mwa Marekani inatajwa mmoja baada ya mwingine, watoto wanakaa kiti cha nyuma cha gari, marafiki wanakufa mapema, na kila wimbo unajua unakoelekea. Akiimaliza hiyo ndipo arudi kwenye Trace, kwa maana masikio yake yatakuwa yameshazoea mkwaruzo wa magitaa, na zile picha za Farrar zisizofungwa pamoja atakuwa na subira nazo.